HATUTAKI MANAMBA MSITUNI

Sisi wa Bombambili twalijua neno manamba. Hatukulisoma vitabuni, tulilisikia kwa babu zetu. Zamani za utawala wa Waingereza, Songea ilihesabiwa kuwa ghala la watu. Wenye mashamba ya mkonge wa Tanga walipotaka mikono ya kukata mkonge, walileta mawakala wao huku kusini; na mwaka 1944 wakaunda shirika lao la kuandika vibarua, nalo likaitwa Silabu. Vijana wa Kingoni, wa Kimatengo na wa Kindendeule wakapakiwa, wakaenda. Kila mmoja alipewa namba na kipande, na tangu siku hiyo jina alilopewa na mama yake likawekwa kando. Mnyapara hakuuliza, "Fulani yuko wapi?" Aliita namba. Mkonge ukauzwa Ulaya, ukawatajirisha watu ambao hawakuwahi kuchomwa na mwiba wake. Aliyeukata hakuandikwa popote.

Twalikumbusha jambo hili, ndugu wananchi, si kwa sababu twapenda kulilia mambo ya kale. Twalikumbusha kwa sababu tumeliona tena, nalo limevaa nguo mpya.

Kijana mmoja wa mtaa wetu amerudi nyumbani baada ya kufanya kazi miaka minne katika kituo cha utafiti wa wanyama, ndani ya msitu wa mvua, mbali na barabara. Kituo chenyewe hatukitaji, wala mahali kilipo, wala wenye kituo. Maana vita yetu si ya mtu mmoja, ni ya desturi. Tuliketi naye barazani. Mzee mmoja aliyepata kukata mkonge Tanga akamwuliza:

"Mjukuu wangu, huko msituni mlikuwa mkiitwaje?"

Kijana akajibu, "Katika vitabu vyao, babu, tuliandikwa wasaidizi. Msaidizi wa kwanza, msaidizi wa pili, msaidizi wa tatu. Mimi nilikuwa wa tatu."

Mzee akatikisa kichwa. "Basi nawe ulikuwa manamba," akasema.

Tumeona neno la mzee huyu lisiishie barazani.

KAZI YENYEWE

Wako watu wadhanio kwamba kazi ya kituo cha utafiti ni kukaa chini ya mti na kutazama nyani. Na wasikie ilivyo.

Kijana wetu aliamka saa kumi za usiku. Alikula kiporo cha ugali na chai ya rangi, akavaa viatu ambavyo havijapata kukauka tangu mvua zianze, akashika njia gizani na taa kichwani. Ilimpasa afike chini ya mti waliolala kima kabla hawajaamka. Wakiamka yeye hayupo, siku imepotea, na lawama ni yake. Kuanzia hapo hadi jioni ni kuwafuata. Wao hupita juu ya matawi, yeye hupita chini kwa magoti, katika miiba, katika upupu, katika siafu. Wao huvuka bonde kwa kuruka, yeye hushuka bonde na kulipanda. Na muda wote daftari i mkononi: huyu yuko wapi, yu pamoja na nani, amekula jani gani, tunda la mti gani, nani amemfukuza nani, nani amebeba mtoto. Mvua ikinyesha, daftari huingia ndani ya mfuko wa nailoni. Mwandishi hubaki nje.

Jioni hurudi kambini, na kazi haijaisha. Ziko betri za kutia moto, maandiko ya kunakili, kuni za kutafuta. Chakula hubebwa kichwani kutoka kijiji kilicho mwisho wa barabara; mto ukijaa, watu hula maharage bila chumvi siku nne. Simu hushika mtandao juu ya mwamba mmoja tu, mwendo wa saa nzima. Mtoto wake alipozaliwa hapa Bombambili, habari zilimfikia baada ya siku tisa. Nyoka yupo, chui yupo, na dawa ya nyoka ipo hospitali, na hospitali iko mbali.

Hayo yote kijana hakuyalalamikia. Alituambia wazi kwamba anaupenda msitu, na kazi yake aipenda. Msitu una shida zake, na mwanamume na mwanamke wa kazi huzijua kabla ya kuingia. Alilolalamikia ni jingine. Kwa miaka minne alipewa mkataba wa miezi mitatu, kisha mwingine wa miezi mitatu, mpaka ikatimia mikataba 16. Alipougua homa siku sita, siku sita zilikatwa. Likizo hakupewa, ati kwa kuwa kila mkataba ulikuwa mpya. Na alipoonyeshwa kitabu kilichoandikwa kutokana na madaftari yale, alilitafuta jina lake ukurasa wa kwanza hata wa mwisho, asilione. Aliona maneno haya tu: twawashukuru wasaidizi wetu wa msituni.

Shukrani ya punda ni mateke, wasema wahenga. Huyu hata mateke hakuyapata, kwa maana hata punda hupigwa na mtu amjuaye.

NANI AUJUAYE MSITU?

Watakuja watu na kusema, "Lakini mtafiti ni yule mwenye shahada. Hawa ni wa kuonyesha njia tu." Twawajibu kwa habari za kweli za nchi hii.

Katika milima ya Udzungwa, mwaka 1979, wataalamu walisikia mlio msituni wasiojua ni wa mnyama gani. Aliyewaambia ni mwenyeji aliyewaongoza, Langson Kisoma. Alisema huyo ni ng'olaga. Dunia ya elimu haikuwa na habari za mnyama huyo. Mzee Kisoma alimjua kwa sauti. Leo vitabu vyamwita kwa jina la Sanje, na ni kima asiyepatikana popote duniani ila Udzungwa.

Njooni karibu na kwetu zaidi. Katika mlima Rungwe na misitu ya Kitulo, mwaka 2003, alionekana kima mwingine ambaye sayansi haikumjua. Waliompa wataalamu habari zake ni wawindaji wa huko, na jina lake hata leo ni lile la wenyeji: kipunji. Mwaka 2006 wataalamu wakaamua kwamba kipunji ni jenasi yake peke yake. Na hapa twasema kweli yote, tusije tukaitwa waongo: habari za kipunji zilipochapishwa mwaka 2005, miongoni mwa majina ya waandishi yalikuwamo ya Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga. Kumbe majina yaweza kuandikwa, na karatasi isipasuke!

Twendeni Mahale, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ambako Wajapani wamewachunguza sokwe tangu mwaka 1965. Alikuwako huko Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mjuzi wa miti shamba na mtumishi wa hifadhi. Mwezi wa Novemba mwaka 1987, yeye na Michael Huffman walimwona sokwe jike, Chausiku, akiwa mgonjwa, akitafuna moyo wa mti mchungu sana ambao Watongwe huuita mjonso na huutumia kwa maradhi ya tumbo. Kesho yake sokwe akawa ameanza kupata nafuu. Nani aliyeujua mti ule ni dawa? Ni Seifu. Na habari hiyo ilipochapishwa mwaka 1989, iliandikwa kwa majina mawili: Huffman na Seifu. Leo wataalamu wa dunia nzima, wanaposimulia jinsi wanyama wanavyojitibu, huanza na mjonso wa Mahale. Tangu mwaka huo, basi, hakuna awezaye kutuambia kwamba jambo hili haliwezekani.

WALIOBAKI GOMBE

Lakini somo kubwa kuliko yote ni la Gombe.

Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alishuka Gombe tarehe 14 Julai, 1960. Dunia yote yamjua, na heshima yake hatuipunguzi. Lakini wangapi kati yetu wamjua Rashidi Kikwale, aliyepanda naye vilima vile tangu mwanzo? Wangapi wamjua Hilali Matama? Mwezi wa Januari mwaka 1974, sokwe wa kundi moja walipomvamia sokwe wa kundi jirani, aitwaye Godi, aliyeona kwa macho yake na kuandika ni Hilali. Ndio mwanzo wa habari ya vita ya sokwe wa Gombe, habari iliyowafanya wataalamu wa Ulaya na Marekani waandike upya waliyokuwa wakiyasema juu ya mnyama na juu ya binadamu.

Kisha ukaja usiku wa Mei mwaka 1975. Watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka upande wa Zaire, wakaingia kituoni, wakawateka watafiti wanne wa kigeni. Rashidi Kikwale alipigwa. Mateka wale wote waliachiliwa baadaye, tukashukuru. Lakini wageni wakaondoka Gombe, na kwa muda mrefu haikuwezekana wakae huko kama zamani.

Je, kazi ilikufa? Sokwe waliachwa bila kufuatwa? La, hasha! Wavuvi na wakulima wa vijiji vya Kigoma, wale walioitwa wasaidizi, walichukua madaftari, wakapanda mlima asubuhi kama jana. Wakaandika, na wakaandika kwa Kiswahili. Wakaendesha kazi miezi na miaka, na Goodall mwenyewe alikiri waziwazi kwamba uzi haukukatika kwa sababu yao. Leo Gombe yasifiwa kuwa miongoni mwa tafiti za wanyama wa porini zilizodumu muda mrefu kuliko zote duniani. Twauliza: mnyororo huo ungalikuwaje kama pete hii ingalikosekana? Msaidizi ni yule ambaye bwana akiondoka, kazi husimama. Hawa bwana aliondoka, kazi ikaenda. Basi kwa kipimo gani waitwe wasaidizi?

Na yale madaftari ya Kiswahili yako wapi? Yalipelekwa Marekani yahifadhiwe katika vyuo vikuu, kwanza Minnesota, baadaye Duke, yakatafsiriwa Kiingereza ili wataalamu wayatumie. Hatusemi yaliibwa, yalitunzwa, na karatasi isiyotunzwa huliwa na mchwa. Lakini mtoto wa mwandishi aliyekulia Mwamgongo akitaka kusoma mwandiko wa baba yake, itampasa apande ndege? Lugha ile ni yetu, na maneno yale ni ya elimu ya juu kabisa, yaliyoandikwa na watu wetu wakati ambapo wengine walikuwa wakisema Kiswahili hakiwezi sayansi. Nakala zake na ziwe katika maktaba zetu.

SHERIA IPO, LAKINI IMELALA

Sasa tuje kwenye mfuko wa unga, maana jina peke yake halipikwi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuandikwa kwa watu wa mjini tu. Msitu wa mvua ni Tanzania. Sheria yasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku, wala 45 kwa juma. Yasema likizo ya mwaka ni siku 28 pamoja na malipo. Yasema mfanyakazi aliyeugua, akiwa na cheti cha daktari, ana haki ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 za pili kwa nusu mshahara.

Na ule ujanja wa mikataba ya miezi mitatu mitatu? Sikilizeni vizuri, vijana mnaokwenda misituni. Ni kweli kwamba mwenye kufanya kazi chini ya miezi sita hana haki ya likizo hizo. Lakini sheria hiyohiyo yaendelea kusema kwamba mtu aliyeajiriwa zaidi ya mara moja katika mwaka na mwajiri yuleyule, jumla ya muda wake ikizidi miezi sita katika mwaka huo, haki anayo. Kijana wetu alikuwa na haki hiyo miaka yote minne, wala hakujua. Aliyemwandikia mikataba yule hatuna shaka alijua.

Tena iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi kwa dhuluma apeleke shauri lake ndani ya siku 30. Mwenye madai mengine, ndani ya siku 60. Siku hizo hupita upesi kwa mtu ambaye simu yake hushika mtandao juu ya mwamba! Ndiyo maana twasema: mweleze mfanyakazi kabla hajaingia msituni, si baada ya kutoka.

MAFUA YA MTU MMOJA

Wako waungwana ambao mfanyakazi hawamhurumii, ila mnyama wamhurumia sana. Nao tuna neno nao.

Sokwe huambukizwa maradhi yetu. Mahale, mwaka 2006, maradhi ya kifua yaliwapata sokwe, kadha wakafa, na uchunguzi ukaonyesha kirusi chenye ujamaa na cha binadamu. Ndiyo maana katika vituo vya sokwe mtu mwenye mafua hatakiwi kuwakaribia. Kanuni hiyo ni njema, twaiunga mkono. Lakini fikirini: mtu akisema "nina mafua" na siku yake ikakatwa, na watoto wake wanangoja unga, atasema? Atameza kikohozi chake na kupanda mlima. Hivyo anayekata mshahara wa mgonjwa apeleka ugonjwa kwa sokwe kwa mkono wake mwenyewe. Haki ya mfanyakazi na uhai wa mnyama ni kitu kimoja. Huwezi kumlinda mmoja kwa kumdhulumu mwingine.

TWAJIBU WANAOTUPINGA

Watasema, "Mwawafukuza wageni." Hatumfukuzi mtu. Mgeni mwenye elimu na adabu tunampa kiti, tunampa na kuku. Tunamkataa mgeni akaliaye kiti cha mwenye nyumba.

Watasema, "Fedha ni za wafadhili, nazo ni chache." Fedha zilizotosha kununua darubini, mahema na tiketi za ndege hazikosi kutosha siku sita za mtu mwenye homa. Mwenye kutayarisha hesabu ya utafiti na aweke bima na likizo mstari wa kwanza, si mstari wa yakibaki.

Na tusiwatazame wageni peke yao. Kijana wetu alitwambia kwamba waliomdharau zaidi walikuwa Watanzania wenzake, wasomi wa mjini, waliokuja kwa majuma matatu, wakala meza ya mbali, wakamwagiza awafulie soksi. Beberu mweusi hana udugu na mtu. Na sisi wa hapa je? Kijana akisema anafanya kazi msituni, hatumcheki kwamba anachunga nyani? Hapa mkoani tuna chuo cha Likuyu Sekamaganga, wilaya ya Namtumbo, kinachofundisha askari wa wanyamapori wa vijiji. Vijana hutoka huko na ujuzi, wakija nyumbani twawauliza lini watapata kazi ya maana. Tusipoiheshimu kazi sisi, nani ataiheshimu?

TUNAYOYATAKA

Hatuandiki ili tutoe sumu tu. Twataka mambo haya.

Kwanza: kila mtu aliyekusanya habari za utafiti aandikwe kwa jina lake kamili katika kila kitabu na makala itokayo humo. Na yule ambaye ujuzi wake ndio ulioleta ugunduzi, kama Seifu, awekwe miongoni mwa waandishi.

Pili: Tume ya Sayansi na Teknolojia na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, zinaposhughulikia vibali vya utafiti, zidai kuona mikataba ya wafanyakazi wa msituni, bima yao, na njia ya kumfikisha mgonjwa hospitali. Asiye na hivyo asipewe kibali, awe wa Ulaya au wa Dar es Salaam.

Tatu: mikataba iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti mbele ya mfanyakazi, naye abaki na nakala yake.

Nne: nakala za madaftari zibaki nchini, na matokeo ya utafiti yasomwe kwa Kiswahili katika vijiji vinavyouzunguka msitu.

Tano: aliyefanya kazi hiyo miaka mitano, kumi, ishirini, afunguliwe mlango wa masomo. Ujuzi wake upimwe kwa mtihani wa haki, si kwa kuulizwa tu cheti cha kidato cha nne.

Nanyi mliomo misituni, Udzungwa, Rungwe, Mahale, Gombe na Amani, msingoje sisi tuwasemee peke yetu. Ungeni umoja wenu. Someni sheria yenu. Kila jioni, mkimaliza daftari la mwenye kituo, andikeni na la kwenu: tarehe, saa mlizofanya kazi, mlichoona. Na chini ya kila ukurasa andikeni jina lenu lote, la kwenu na la baba zenu.

Babu zetu walirudi kutoka Tanga na vipande vyenye namba. Wajukuu wao hawatarudi kutoka msituni hivyohivyo, nasi tukanyamaza. Mtu ni jina lake, na kazi ni ya aliyeifanya.